Sadaka ya programu: Kijana, umeandika sharti gani?

KILA sifa njema anastahiki Allah (s.w.), aliyemtunuku mwanaadamu akili, kalamu na elimu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake, Maswahaba zake na wote wanaofuata mwendo wao mpaka siku ya Kiyama.

Ama baad. Ndugu msomaji, hivi karibuni, baada ya darsa la Maghribi, kijana mmoja alinifuata akiwa na kompyuta yake mkobani. Ni mwanafunzi wangu wa zamani katika somo la Maarifa ya Uislamu, na sasa yuko mwaka wa kwanza chuoni anasomea kompyuta. Akanisalimia, akakaa, akaniambia: "Ustaadh, nimetengeneza programu ya kugawa mirathi. Nataka niitoe bure kwa Waislamu wote, iwe sadaka jariya yangu. Imamu ameshakubali kuitangaza Ijumaa hii. Ila nimekwama mahali pamoja, sijui nichague leseni ipi."

Nakiri kuwa neno hilo lilinipeleka mbali. Leseni ninazozijua mimi ni ya udereva na ya duka. Nikamwuliza, kwani siku hizi hata sadaka inakatiwa leseni? Akacheka, kisha akanieleza. Alikuwa anaiweka programu yake GitHub, ghala la mtandaoni ambako waandishi wa programu wa dunia nzima huhifadhi kazi zao. Huko akaletewa orodha ya leseni: MIT, BSD, Apache, GPL na nyinginezo. Hakuielewa hata moja. "Nilitaka nichague ya juu tu ili niendelee," akasema, "maana si zote ni za bure?"

Basi tulikaa mpaka Isha, na siku zilizofuata tukazisoma pamoja leseni zile. Mimi si mtaalamu wa kompyuta. Lakini kadiri tulivyosoma ndivyo nilivyozidi kuona kuwa jambo hili ni letu. Leseni ni ahadi, ina masharti, na ndani yake mna amana. Na vijana wetu wengi mijini, wa kike na wa kiume, leo wanajifunza kuandika programu. Wasipoelezwa na walimu wao wa dini, nani atawaeleza?

Bure bila maandishi si ruhusa

Tuanze na kosa la kwanza. Vijana wengi wanadhani kuwa ukishaiweka programu hadharani na kusema kwa mdomo kuwa ni bure, basi umeshawaruhusu watu. Sivyo. Hapa Tanzania, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inaihesabu programu ya kompyuta miongoni mwa kazi zinazolindwa, kama kilivyo kitabu. Ulinzi huo unakuja wenyewe pale kazi inapotungwa, hata kama mtunzi hakuisajili popote. Nchi nyingi duniani zina utaratibu kama huo.

Maana yake ni nini? Maana yake programu isiyo na leseni si mali ya kila mtu. Ni nyumba ambayo mlango wake umefungwa hata kama mwenyewe anatabasamu dirishani. Mwalimu wa madrasa ya mkoa mwingine akiipata hajui kama anaruhusiwa kuinakili, kuirekebisha au kuwapa wenzake. Mchamungu ataiacha kwa kuogopa kula haki ya mtu, na asiyejali ataichukua atakavyo. Kwa hiyo kutoandika kitu kumemzuia mtu mwema na wala hakukumzuia mwovu.

Sisi Waislamu hatukupaswa kuchelewa kulielewa hili. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'an (2:282) inahusu kuandikiana deni, na hekima yake inatajwa humo humo, kwamba kuandika ni uadilifu zaidi na kunaondoa shaka. Ikiwa deni la watu wawili wanaojuana linaandikwa, vipi kuhusu kazi itakayofika mikononi mwa maelfu ya watu usiowajua na ambao hawatakuona?

Wapo wanaosema kuwa haki hizi za watunzi ni mambo ya Wazungu na katika Uislamu hazimo. Hawa wakumbushwe kuwa Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lililo chini ya Jumuiya ya nchi za Kiislamu, lilikutana Kuwait Desemba 1988 na kupitisha kwamba haki za utunzi, uvumbuzi na majina ya biashara ni haki zinazolindwa kisheria, na haijuzu kuzivamia.

Kisima cha msikiti na shamba la Khaybar

Sasa tuje kwenye orodha iliyomchanganya kijana wetu. Majina ni mengi, lakini kwa anayeanza yanagawika makundi mawili makubwa, na yote mawili tunaweza kuyafananisha na mambo tunayoyajua katika dini yetu. Nasema kufananisha tu, sitoi fatwa.

Kundi la kwanza ni kisima. Sote tunaijua habari ya Uthman bin Affan (r.a.) alivyokinunua kisima cha Ruma pale Madina na kukitoa kwa Waislamu wanywe bila malipo. Tazama visima vya misikiti yetu hapa mjini. Jirani anachota, mpita njia anachota, na wakati mwingine anakuja mwenye mkokoteni, anajaza madumu yake na kwenda kuyauza mitaani. Kama aliyechimba kisima amesema wote wachote, huyu wa mkokoteni hakuiba kitu. Kinachotakiwa ni kutokuking'oa kile kibao ukutani chenye jina la aliyetoa.

Hizo ndizo leseni za MIT na BSD. Ya kwanza ilitoka Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts, na ya pili Chuo Kikuu cha California kilichopo Berkeley, vyote vya Marekani. Ile ya MIT ina aya tatu fupi tu. Inasema, kwa ufupi, tumia, nakili, badilisha, sambaza, hata uza, ila liache jina la mwenye haki na tamko hili la ruhusa, na usimdai dhamana. Mtu anaweza kuichukua kazi hiyo, akaiongezea yake, kisha akaifunga na kuiuza bila kumwonesha yeyote ndani yake mna nini. Kampuni ya Apple, kwa mfano, imetumia sehemu za kazi ya BSD ndani ya mfumo wa kompyuta zake inazouza, na hilo ni halali yake kwa masharti yale. Leseni ya Apache, toleo la 2.0 la mwaka 2004, ni ndugu wa kundi hili. Yenyewe imeongeza maelezo kuhusu haki za uvumbuzi, na inamtaka aliyebadilisha mafaili aweke alama kuwa ameyabadilisha.

Kundi la pili ni shamba la waqfu. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kuwa Umar bin Khattab (r.a.) alipata ardhi Khaybar, mali ambayo hakuwahi kupata iliyo bora kuliko hiyo. Akaenda kwa Mtume (s.a.w.) kutaka ushauri. Akaelekezwa alizuie shina lake na matunda yake ayatoe sadaka. Umar akaitoa ardhi ile kwa sharti kuwa shina lake haliuzwi, halitolewi zawadi wala halirithiwi, na manufaa yake yawaendee mafukara, jamaa, wasafiri na wengineo. Na anayelisimamia hana lawama akila humo kwa wema bila kujilimbikizia.

Hiyo inakaribiana sana na leseni ya GPL. Iliandikwa na Richard Stallman wa Marekani, ambaye mwaka 1985 aliasisi taasisi ya kutetea programu huria. Toleo la kwanza lilitoka mwaka 1989, la pili 1991 na la tatu 2007. Leseni hii inakupa ruhusa ya kutumia, kuyasoma maandishi ya ndani ya programu, yaani msimbo wake, kuyabadilisha na kuisambaza. Lakini ukiisambaza, iwe kama ulivyoipokea au baada ya kuibadilisha, huna budi kumpa unayemkabidhi ruhusa zile zile ulizopewa wewe, pamoja na msimbo wake. Huwezi kulizungushia ukuta shamba ulilolikuta wazi.

Hapa watu wengi hukosea, wakadhani GPL inakataza kuuza. Haikatazi. Unaweza kutoza pesa kwa nakala, kwa kuifunga programu kwenye ofisi ya mteja, kwa kumfundisha na kumhudumia. Unachozuiwa ni kumnyima mnunuzi uhuru uliopewa wewe. Na kama umeibadilisha kwa matumizi yako mwenyewe bila kumpa mtu mwingine, hulazimiki kuitangaza.

Mwanafunzi wa Helsinki aliyebadili sharti lake

Kijana akaniuliza: "Sasa Ustaadh, mtu anayeanza kama mimi nani atajali nimechagua ipi?"

Nikamsimulia habari ya mwanafunzi mwingine. Mwaka 1991 Linus Torvalds alikuwa na umri wa miaka 21, akisoma Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland. Aliandika kiini cha mfumo wa kompyuta kwa kujifunza na kujifurahisha, kikaja kuitwa Linux. Leseni yake ya kwanza aliitunga mwenyewe, na ndani yake alikataza mtu yeyote kuchukua pesa katika kuisambaza. Nia ilikuwa nzuri, lakini sharti likawa zito. Zama zile programu zilisambazwa kwa disketi, na disketi zina gharama. Hata aliyetaka kurudishiwa gharama ya disketi na kazi ya kunakili alikuwa anavunja sharti. Mwaka 1992 akaiacha leseni ile na kuiweka kazi yake chini ya GPL. Baadaye alisema kuwa huo ulikuwa uamuzi bora kuliko yote aliyoyafanya.

Leo kiini hicho kimo ndani ya simu za Android. Huenda ndugu msomaji unacho mfukoni sasa hivi. Mafunzo ni mawili. Kwanza, kazi ya anayeanza huenda ikafika asikokutarajia, kwa hiyo asiidharau. Pili, sharti linalotungwa kwa hamasa bila kutazama hali za watu huwazuia wema kabla ya waovu. Ndiyo maana wajuzi humshauri anayeanza asijitungie leseni yake, achague moja iliyokwisha kupimwa na wanasheria na inayojulikana na watu.

Kibao kilichong'olewa

Tulipofika hapo nikamwuliza swali ambalo nilidhani ni jepesi. "Mdogo wangu, programu yote hii umeiandika wewe?"

Akanyamaza. Kisha akasema kwa sauti ndogo kuwa sehemu inayochora mti wa ukoo, mafaili matatu, aliichukua kutoka kazi ya mtu wa nchi nyingine. Juu ya kila faili palikuwa na jina la mwenyewe na maneno kuwa ipo chini ya GPL toleo la tatu. Aliyafuta. Akaandika jina lake.

"Nilidhani kwa kuwa ni bure haina neno," akasema. "Na tena Ustaadh, huyo mtu sidhani hata kama ni Mwislamu."

Ndugu zangu, hapa ndipo panapouma, kwa sababu naamini si yeye peke yake. Tumezoea kunakili bila kuuliza. Nakala za programu za kulipia tunazipata za wizi, tunazifunga hata kwenye kompyuta za madrasa, kisha tunafungua darsa kwa Bismillahi. Kijana aliyekulia humo ataonaje kuwa kufuta jina la mtu ni dhambi?

Ama hilo la kuwa mwenyewe si Mwislamu, tujikumbushe usiku wa Hijra. Makureshi walikuwa wamepanga kumuua Mtume (s.a.w.), na bado amana zao zilikuwa kwake. Alimwacha Ali (r.a.) Makka nyuma yake ili azirudishe kwa wenyewe. Ikiwa amana ya adui aliyekuja na upanga inarudishwa, vipi amana ya mtu ambaye hakukufanyia ila hisani?

Na ama hilo la kufuta jina, Qur'an (3:188) inawaonya wale wanaopenda kusifiwa kwa mambo ambayo hawakuyatenda. Katika hadithi iliyomo Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) amemfananisha anayejionesha kwa kitu ambacho hakupewa na mtu aliyevaa nguo mbili za uongo. Sisi ni umma wa sanad. Maulamaa wetu walisafiri miezi kuihakiki hadithi moja imetoka kwa nani kwenda kwa nani. Majina yale juu ya faili ni sanad ya kazi ile. Aliyeyafuta amekata sanad na kujifanya yeye ndiye chimbuko.

Hata mahakama za dunia zimeliona hili. Mwalimu wa fizikia wa Berkeley, Robert Jacobsen, alikuwa na programu huria ya kuendesha treni ndogo za kuchezea. Kampuni moja ikachukua mafaili ya mradi ule na kuyatumia bila kutaja majina ya watunzi kama leseni ilivyotaka. Mtu angeweza kusema ni vitu vya kuchezea, tena vya bure, kesi ya nini? Mwaka 2008 mahakama ya rufaa ya Marekani ikaamua kuwa masharti ya leseni ya namna hii yana nguvu ya sheria ya hakimiliki, hata kama mwenye kazi hakutoza senti.

Waislamu tuna zaidi ya hapo. Allah (s.w.) ameamrisha waumini watimize mikataba (5:1). Mtume (s.a.w.) ametufundisha, kama ilivyopokewa na Abu Daud na Tirmidhi, kuwa Waislamu hufungwa na masharti yao, isipokuwa sharti linalohalalisha haramu au kuharamisha halali. Na ametufundisha kuwa Allah ni mwema na hapokei ila kilicho chema. Sasa sadaka jariya ambayo ndani yake mna mali ya mwenzio uliyoifuta jina, unaipeleka kwa Mola gani?

Nikamwambia aende kwa imamu aombe tangazo la Ijumaa lisubiri. Ilimuwia vigumu, maana ahadi ilishatolewa na nyumbani kwao walishajua. Lakini alikwenda. Na hapo tukagundua jambo lililonifurahisha. GPL toleo la tatu ina mlango unaofanana na toba. Anayevunja masharti hupoteza ruhusa. Lakini akiacha uvunjaji wake, ruhusa hurejea. Na anayeonywa na mwenye haki kwa mara ya kwanza, akarekebisha ndani ya siku 30, hurudishiwa ruhusa yake moja kwa moja. Kuacha kosa, kujuta na kuirudisha haki kwa mwenyewe, hizo ni nguzo tulizozisoma zamani. Kijana akarudisha majina yote mahali pake, akamwandikia mwenye kazi kumweleza yaliyotokea na kumwomba radhi.

Na swali lake la mwanzo likajijibu lenyewe. Kwa kuwa ndani ya programu yake mna sehemu ya GPL, programu nzima akiisambaza haina budi iwe chini ya GPL. Kazi ya MIT unaweza kuiingiza ndani ya GPL, lakini kazi ya GPL ya mtu mwingine huna mamlaka ya kuigeuza MIT. Maji ya kisima yanaweza kumwagiliwa shamba la waqfu, bali shamba la waqfu haligeuzwi uwanja wa kila mtu kwa amri ya mpita njia.

Je, niwazuie watu wa riba?

Siku nyingine akaja na swali zito zaidi. "Ustaadh, naweza kuandika sharti kuwa ni marufuku kutumia kazi yangu katika riba, pombe na kamari?"

Hili ni swali la mtu mwenye imani, na sitaki kulidharau. Ila lazima ajue hali halisi. Leseni zinazokubalika kuwa huria hazibagui watu wala aina ya matumizi. Ukiweka sharti hilo, kazi yako haitahesabiwa huria, na wengi hawataigusa. Douglas Crockford wa Marekani aliwahi kuweka katika kazi zake sharti kuwa zitumike kwa wema na si kwa uovu. Sharti zuri kulisikia. Lakini wema upi na kwa mizani ya nani? Miradi mikubwa ikaikwepa kazi hiyo, kwa sababu haikuweza kulipima sharti lenyewe.

Mtazamo wangu, na mwenye elimu zaidi anirekebishe, ni kuwa tutofautishe. Kuitengenezea benki ya riba programu ya kukokotoa riba ni kusaidiana katika dhambi, leseni yoyote ile haitakusafisha. Lakini kutoa kitu ambacho asili yake ni manufaa kwa watu wote, kisha mwingine akakitumia vibaya bila wewe kumsaidia, dhambi ni yake. Aliyechimba kisima haulizwi nani aliyechota maji akaenda kuchanganyia pombe. Kwa hiyo uchujaji mkubwa uufanye kabla hujaandika msitari wa kwanza: ninatengeneza nini, na kwa ajili ya nini?

Msahafu si msimbo

Programu ile ya mirathi inaonesha pia aya zenyewe, zile za Suratun Nisaa (4:11, 12 na 176). Hapa palihitaji tahadhari. GPL inampa kila mtu ruhusa ya kubadilisha. Je, nani atatoa ruhusa ya kubadilisha maneno ya Allah? Mradi wa Tanzil, ulioanza mwaka 2007 kwa kuhakiki maandishi ya Qur'an ya kwenye kompyuta, unaruhusu kunakili maandishi yake kama yalivyo na hauruhusu kuyabadilisha. Basi kijana akayaweka maandishi ya aya katika faili la peke yake, likiwa na masharti yake yenyewe, na akaeleza wazi kuwa GPL inahusu msimbo wake tu. Kumbe mzigo mmoja unaweza kubeba amana mbili, na kila moja ina sharti lake.

Bila dhamana, lakini si bila hisabu

Karibu kila leseni huria hufunga kwa tamko kuwa kazi inatolewa kama ilivyo, bila dhamana yoyote. Kijana alilipenda sana tamko hili. Mimi lilinitia hofu.

Tuliijaribu programu yake kwa tarka ya shilingi milioni 24. Marehemu ameacha mke, mabinti wawili, baba na mama. Mke ana thumuni, mabinti wana theluthi mbili, baba na mama kila mmoja ana sudusi. Programu ikamgawia mke milioni 3, mabinti milioni 16, baba milioni 4 na mama milioni 4. Jumlisha, ndugu msomaji. Ni milioni 27! Imegawa milioni tatu ambazo marehemu hakuziacha.

Wanaosoma mirathi wanaijua mas-ala hii. Ni ya aul, na mashuhuri ni kuwa Ali bin Abi Talib (r.a.) aliulizwa akiwa juu ya mimbari akaijibu papo hapo kuwa thumuni ya mke imekuwa tusui, yaani moja ya tisa. Mali inagawiwa mafungu 27, kila mmoja anapungukiwa kwa uwiano. Kijana hakuijua. Lau ingetangazwa Ijumaa ile, nani angejua ni familia ngapi zingeipigia hesabu, na mayatima wangapi wangedhulumika? Onyo la wanaokula mali ya mayatima kwa dhulma (4:10) liko jirani kabisa na zile aya za mirathi.

Mtume (s.a.w.) amesema, kama ilivyo kwa Abu Daud na wengine, kuwa anayejitia utabibu hali hajulikani kwa utabibu, yeye ni mwenye kubeba dhamana. Tamko la "bila dhamana" laweza kukukinga mahakamani. Mbele ya Allah linamkinga aliyejitahidi, akauliza wajuzi, akapima kazi yake na kusema ukweli kuhusu mipaka yake. Halimkingi aliyeficha kosa alilolijua.

Na hapa ndipo fadhila ya msimbo ulio wazi inapoonekana. Programu iliyofungwa, kosa lake linakaa gizani. Iliyo wazi, mwalimu wa mirathi wa Tanga au Mombasa akishirikiana na kijana anayejua kompyuta wanaweza kulifungua faili, kuliona kosa na kulirekebisha kwa faida ya wote. Huko ndiko kunasihiana.

Kwa kijana anayeanza

Nimalizie kwa nasaha chache. Sahihisha nia kwanza. Orodhesha kila ulichochukua kwa wengine, soma leseni ya kila kimoja, na usifute jina la mtu. Kama kazi yote ni yako, jiulize unataka kisima au waqfu. Ukiridhika hata mwenye mkokoteni achote akauze, chukua MIT, au Apache ukitaka maelezo ya haki za uvumbuzi. Ukitaka kazi na marekebisho yatakayosambazwa yabaki wazi kwa watakaokuja, chukua GPL. Liweke andiko lote la leseni ndani ya kazi yako, pamoja na jina lako na mwaka. Fahamu kuwa nakala uliyokwisha kuitoa kwa leseni hizi huwezi kwenda kuwanyang'anya walioipokea. Na ukishatoa, usije ukaibatilisha sadaka yako kwa masimbulizi na udhia, kama tulivyoonywa katika Suratul Baqara (2:264). Huyo wa mkokoteni ukimkuta njiani, msalimie upite.

Programu ya kijana wetu bado haijatangazwa msikitini. Imo mikononi mwa sheikh mmoja anayefundisha mirathi, anaipitia mas-ala moja baada ya nyingine, na kila kosa analoliona kijana analirekebisha na kuliandika. Jina la yule mgeni aliyeandika sehemu ya mti wa ukoo liko juu ya mafaili yake matatu, kama alivyoliweka mwenyewe. Imechelewa Ijumaa kadhaa. Lakini Mtume (s.a.w.) ametueleza kuwa mtu akifa amali zake hukatika isipokuwa tatu, na miongoni mwake ni sadaka yenye kuendelea na elimu yenye kunufaisha. Kitu kinachotarajiwa kumfuata mtu mpaka kaburini, Ijumaa chache za kukisafisha si nyingi.

Wallahu aalam. Wabillahi tawfiq.